Kabale Alipowasha Moto Kwa Majivu

Nyumba ya Kabale ilikuwa imetembea kuliko madereva wengi wa lori. Ilianzia upande wa Merti kabla ya vita ya shifta ya miaka ya sitini, ikibebwa na ngamia. Ngamia wakaenda na vita, ikabebwa na punda. Punda akaenda na kiangazi cha sabini na tatu, na mwisho wake ikaingia Isiolo juu ya mgongo wa Kabale mwenyewe, na mtoto wake Batula akitembea nyuma ameshika mkeka mmoja uliokuwa unaburuta chini.

Kwa Waborana nyumba ni ya mwanamke. Ni fito anazokatiwa na mama yake akiolewa, zinapindwa kama mbavu, halafu juu yake inafungwa mikeka minene ambayo wao wanaita dase. Mwanaume akikasirika anaweza kutoka nje apoe, lakini kumfukuza mke ni hesabu mbaya, kwa sababu mke anaweza kwenda na paa, na yeye abaki amekaa juani na kofia yake. Mume wa Kabale hakuwahi kufikishwa hapo. Alibaki huko kwenye vita, na Kabale hakupenda kuongea hiyo habari, kwa hivyo na sisi tuiache.

Mjini alijaribu mtaa wa Bulla Pesa, mwenye ploti akamwambia atoe huo mzigo wa kuni. Akajaribu Wabera, nyuma ya msikiti. Wazee wa pale walikuwa watu wa Mungu, wakangoja Ramadhani iishe ndiyo wakamwambia aondoke. Akabeba tena, akapita Chechelesi, akafika kwenye kilima kifupi ambacho hakuna mtu alikuwa anakitaka. Watu walipaita Kwa Majivu, kwa sababu udongo wa pale ni wa kijivu kama wa jikoni, na hakuna aliyejisumbua kuuliza ni jikoni kwa nani.

Kitu kilichomfurahisha Kabale ni mawe. Yalikuwa yamepangwa duara, hapa duara, pale duara, kama mtu aliyejua anakuja amempimia. Akachomeka fito zake ndani ya duara moja, zikaenea. Akasema aliyepanga haya mawe Mungu amlipe. Hiyo ikawa dua yake ya kila asubuhi, miaka mingi, na hakuna mtu alikuja kumfukuza. Jirani alipata mmoja tu, Nakal, mama wa Kiturkana wa kuchoma makaa, mwenye mdomo usiofungwa na mlango.

Halafu, mwaka wa themanini hivi, akaja Dualeh.

Dualeh alikuwa mtoto wa Wasomali wa mjini, wale wa tangu zamani. Alikuwa amesoma mpaka Nairobi na kuvuka bahari, akarudi na miwani, kamba, na mwiko mdogo wa fundi wa ukuta. Akazungusha kamba Kwa Majivu, akaanza kuchimba na ule mwiko, na akichoka na mwiko anafagia na brashi ya rangi. Nakal alikaa chini akamwangalia siku nzima.

"Kabale," akasema, "hii masomo ikizidi inarudi kuwa utoto. Mtoto wa watu anachimba shimo na kijiko."

Siku ya pili Dualeh akaja mpaka mlangoni kwa Kabale. Alikuwa na adabu, alimwita ayo, ndiyo mama kwa Kiborana.

"Salaam aleikum, ayo."

"Aleikum salaam. Karibu chai."

"Ayo, unajua umekaa juu ya nyumba ya watu?"

"Watu gani? Wako wapi?"

"Walikufa."

"Pole. Lini?"

"Kama miaka elfu tatu."

Kabale akafikiria hiyo kidogo. "Basi hawarudi leo," akasema, akammiminia.

Dualeh alikunywa chai yote kabla ya kusema lililomleta. Kwamba hapo palikuwa kijiji, watu na ng'ombe na mbuzi wao, zamani kabla ya kabila zote hizi tunazopigania. Kwamba duara za mawe ni nyumba zao. Na kwamba Kabale lazima ahame.

"Nihamie wapi?" akauliza. Alikuwa ameuliza hilo swali Bulla Pesa na Wabera, na hakuwahi kujibiwa.

Dualeh akageuka akaonyesha na mwiko. "Pale chini ya mgunga, nje ya kamba. Na kesho asubuhi uje kazini. Nataka mtu wa kufagia, na mtu wa kuangalia mbuzi wasiingie."

Watu wengi walikuwa wamemwambia aondoke. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia aende wapi. Kesho yake, kabla jua halijapanda vizuri, nyumba ilikuwa imeshuka, imefungwa, imebebwa na imesimama tena chini ya mgunga, na Dualeh bado anatafuta watu wa kumsaidia kuhama.

Akafanya kazi hapo miaka. Alifagia, alichemsha chai, na polepole akawazoea wale watu wa chini. Yeye aliwaita wenyeji. Kila asubuhi akifika ukingoni kwa shimo anatoa salaam.

"Hawajui hiyo," Nakal alikuwa anamwambia. "Hao ni wa kabla ya Mtume. Wasalimie tu habari yenu."

"Wewe wasalimie habari. Wakichagua, wachague."

Mzozo wao mkubwa ulikuwa ni watu wa nani. Shimo lilitoa mifupa ya ng'ombe nyingi. Kabale akasema hiyo imeisha, wenye ng'ombe ni Waborana. Nakal akasema angalia mifupa ilivyopasuliwa, wamekula mpaka ndani, hao ni Waturkana kabisa, na ng'ombe walichukua kwenu. Wakapeleka kesi kwa Dualeh. Dualeh akasema hawakuwa Waborana wala Waturkana. Wala Wasomali, akaongeza haraka, maana aliona wanavyomwangalia. Wakina mama wakawahurumia kweli wale wa shimoni. Mtu asiye na kabila, ataishi vipi Isiolo?

Makaa ya zamani nayo Dualeh alitia kwenye mikebe, yakasafirishwa ng'ambo yakapimwe umri. Hiyo ilimuuma Nakal mpaka leo. "Yangu ya jana mnasema ni mabichi. Yao ya juzi ile inapanda ndege."

Sasa, Batula alikua. Akachumbiwa na kijana mmoja mpole wa Garba Tula anaitwa Umuro, na hapo ndipo usingizi wa Kabale ulipoisha. Binti wa Kiborana haendi mikono mitupu. Anaenda na nyumba. Mama yake anampa fito na dase, zinapakiwa kwenye ngamia, na wanawake wanaenda kumsimamishia kule kwa mume. Usipompa, hakuna mtu atakutukana. Watakuambia tu pole, na hiyo pole utaisikia mpaka kaburini.

Kabale alikuwa na nyumba moja. Fito mpya hakuna, kwa sababu kiangazi cha themanini na nne kilikausha miti, na iliyobaki yote ilipitia kwenye magunia ya Nakal. Mkeka mmoja wa dase unakula mwaka kuusuka. Akimpa Batula nyumba, yeye analala nje. Akikaa nayo, Batula anaolewa kama mkimbizi. Watu wa Umuro walikuwa wameshangoja mvua mbili. Walikuwa wanangoja vizuri, lakini hata kungoja vizuri kunachoka.

Dualeh ndiye alileta mlango wa kutokea. Kwa Majivu palikuwa panageuzwa nyumba ya makumbusho. Serikali ilitoa mabati, ikapigwa paa kubwa juu ya shimo lenyewe, na kando kando njia ya mbao ya wageni kutembea wakiangalia chini. Na getini, akasema Dualeh, kinajengwa chumba cha mawe cha mlinzi.

"Nimetaja jina lako, ayo. Uwe mlinzi wa kudumu. Chumba kiwe chako ukiwa na kazi."

"Cha mawe?"

"Cha mawe. Na mlango wa kufungwa na kufuli."

"Hakibebwi?"

"Hakibebwi."

"Alhamdulillahi," Kabale akasema. Fito zilikuwa zimempa alama mgongoni, ungefikiri na yeye amepindwa.

Ilibaki kitu kimoja. Mkubwa mmoja angetoka Nairobi kuja kufungua, na siku hiyo hiyo, akishaona mahali na kumwona mlinzi, ndiye angesema ndiyo au hapana. Harusi ikapangwa baada ya siku hiyo. Kabale akamwambia Batula asifungue mdomo kwa watu wa Umuro mpaka huyo mkubwa afungue wake.

Siku ikafika. Kabale alifika mapema akafagia mpaka mabati yakaona haya kuwa na vumbi. Nje, Nakal na wenzake wa kuimba walikuwa wanajipaka mafuta. Dualeh alikuwa ameenda barabarani kupokea magari, na shati lake jeupe lilikuwa limeshaloa jasho. Ndani hapakuwa na mtu. Kabale akasimama kwenye mbao akaangalia chini.

Katikati ya duara kubwa kulikuwa na jiko. Mafiga matatu, meusi, yamekaa kama anayepika ameenda kuteka maji. Dualeh alilipenda hilo jiko kuliko kitu chochote. Alikuwa amelizungushia kamba ya peke yake, ya pili, ndani ya ile kubwa.

Na hapo Kabale akashtuka. Wageni wanakuja, wageni wakubwa, na jiko la nyumba ni baridi.

Unaweza kucheka. Lakini Mborana akifungua nyumba mpya, mwanamke wa nyumba anawasha moto, anakaanga buni, ndiyo kahawa na maganda yake, kwenye samli, wazee wanatafuna, wanajipaka ile samli, wanaomba nagaa, yaani amani. Nyumba ambayo haijakaangiwa buni ni mabanzi tu yamesimama. Na mgeni hakaribishwi kwenye jiko baridi, hata umlaze kwenye godoro. Sasa hii nyumba inafunguliwa leo, na mwanamke wake ni nani? Amekufa zamani hata jina hana. Wenyeji wake walikuwa wamempa Kabale mahali pa kukaa wakati mji mzima ulimnyima. Wangepata aibu mbele ya watu wa Nairobi, na yeye amesimama hapo ameshika ufagio?

Akaenda mbio chini ya mgunga, akachukua sufuria, samli, na buni za kutoka Meru alizokuwa ameweka za harusi. Kwa Nakal akachukua makaa yenye moto. Akafika kwenye ile kamba ndogo, akasimama.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyejibu. Lakini pia hakuna aliyekataa. Akavuka.

Moto ulishika vizuri. Samli ikayeyuka, buni zikaanza kupasuka pa, pa, pa, na harufu ikapanda ikajaa chini ya mabati mpaka nje. Magari yalipofika, wageni walianza kunusa kabla ya kushuka. Wazee wa mji waliokuwa kwenye msafara wakatabasamu. Wakasema safari hii serikali imejua kukaribisha.

Dualeh peke yake hakutabasamu. Aliingia mbele, akaona moshi, akashika mbao kama mtu aliye ndani ya lori linaloanguka.

Yule mkubwa alikuwa mtu mnene wa suti ya bluu, na sauti ya chini. Akaangalia jiko, akaangalia sufuria.

"Ni nani amewasha moto hapa?"

Nakal alikuwa ameshafika mlangoni, shanga mpaka masikioni. "Ni moto wao wenyewe, mzee," akasema. "Haujawahi kuzima."

Watu wakacheka. Mkubwa hakucheka.

"Ni mimi," Kabale akasema kutoka chini.

"Mama, unajua hilo jiko ni la miaka mingapi?"

"Elfu tatu. Dualeh aliniambia."

"Na ukawasha?"

"Miaka elfu tatu hawajapata mgeni, mzee. Leo wamepata. Mgeni akikuta jiko baridi si atasema hawa watu wamekufa?"

"Wamekufa."

"Ndiyo. Lakini si vizuri kuwaambia mbele ya watu."

Hapo kukasikika kitu kingine kwenye moto, mlio mzito, siyo wa buni. Dualeh akaruka kamba zote mbili na shati lake jeupe, akapiga magoti. Figa la kushoto lilikuwa limepasuka juu mpaka chini.

Kabale aliwasha moto maisha yake yote. Anajua jiwe lililokaa udongoni na unyevu lazima ulianike kwanza, halafu ulipashe polepole. Anajua, na hakukumbuka, kwa sababu machoni pake yale mafiga yalikuwa yametumika jana. Akaona mkono wa Dualeh umelala juu ya ule ufa kama mtu anamgusa mgonjwa, na ndiyo akaelewa kamba ilikuwa ya nini. Akatamani ardhi ya wenyeji ifunguke imchukue naye.

"Dualeh," mkubwa akasema. "Huyu ndiye unataka niseme awe wa kudumu?"

Kabale akaona nyumba ya Batula. Aliiona wazi, imepakiwa juu ya ngamia, halafu ngamia akageuka akairudisha.

Dualeh akasimama, magoti yote kijivu. "Ndiyo, mzee. Ni huyu."

"Baada ya hii?"

"Majivu ya zamani tulishatoa, yako salama. Jiwe ni hasara, hiyo siwezi kukataa, inaniuma. Lakini kamba niliifunga mimi. Miaka yote sijamwambia kwamba na yeye pia inamhusu. Nilimwambia tu azuie mbuzi, na mzee, hakuna mbuzi amewahi kupita. Kama jiwe lina mwenyewe, ni mimi. Ulizia kwangu."

Kijana ana kazi, ana jina, na ameviweka vyote kwenye sufuria ya mwanamke asiyejua hata kusoma ubao wa mlangoni.

"Mzee," Kabale akasema, "nisamehe sana. Lakini buni zinaungua."

Mkubwa akaangalia sufuria. "Zitoe," akasema.

Akazitoa, akazimimina kwenye bakuli la mti. Na sasa ameshika bakuli, na mgeni amesimama mbele yake, angefanya nini? Akapanda, akamtolea. Wazee wote wa mji walikuwa wanaangalia. Kukataa buni ni kukataa nagaa, na hata mtu wa Nairobi aliona kwenye sura zao kwamba hapa kuna shimo lingine la kuanguka. Akachukua moja, akaitia mdomoni.

"Nagaa," wazee wakasema.

Akatafuna. Kwa asiyezoea, hiyo kitu ni kazi, ina maganda na ina samli, na suti ilikuwa ya bluu. Alitafuna mpaka ikaisha. Halafu akachukua nyingine, ambayo hakulazimishwa.

"Huyu mama asivuke kamba tena," akasema. "Hata siku moja. Sitaki kumwona karibu na haya mawe. Akae kule getini."

"Getini kuna kile chumba, mzee," Dualeh akasema polepole, kama mtu anayepita karibu na ndege asiruke.

"Basi akae kwenye chumba. Na hilo jiwe, Dualeh, utaliandikia maelezo."

Mara ya pili katika maisha yake, Kabale akaambiwa aende wapi. Akampa Dualeh lile bakuli, na Dualeh, pamoja na uchungu wake, akatafuna.

Batula aliolewa kabla mwezi haujageuka. Asubuhi ya kushusha nyumba ya Kabale ipakiwe, Nakal alikuja na mzigo wa fito mpya, zimenyooka, za mti mzuri, akautupa chini kama kitu cha kutupwa.

"Uliziweka wapi hizi?" Kabale akauliza.

"Zilikataa kuwaka."

"Zote?"

"Kabale, kama hutaki nizirudishe motoni."

Zikaingia kwenye nyumba ya Batula, pale za zamani zilipokuwa zimechoka. Ngamia wa watu wa Umuro wakabeba, wakashika njia ya Garba Tula, na kwa mara ya kwanza ile nyumba ikatembea bila Kabale. Aliisindikiza mpaka barabarani. Watu wanasema alilia, yeye anasema ni vumbi la ngamia, na ngamia kweli wana vumbi.

Chumba cha mawe alikisema sana. Ati mlango unaangalia alikotaka fundi badala ya kuangalia upepo. Ati ukichoka na majirani huwezi kukigeuza. Lakini alikifagia mara nyingi kuliko kilivyohitaji, na kufuli alilipaka samli lisishike kutu.

Kamba hakuvuka tena, hata mbuzi akiingia anamwita Dualeh. Kila asubuhi Dualeh akipita getini na funguo, Kabale anamwambia, "Wasalimie." Na akitoka anamuuliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema asante ya buni," Dualeh anajibu, na elimu yake yote.

Nje ya chumba alipanga mafiga yake matatu, aliyoyaanika kwanza, safari hii. Wageni wakitoka ndani anawapa buni, na kabla hajawapa anawaomba wamwambie ubao wa jiko umeandikwa nini, maana yeye hajui kusoma na hawezi kwenda karibu. Wanamwambia. Ubao unasema jiko ni la miaka kama elfu tatu, na kwamba figa la kushoto lilipasuka siku ya kufunguliwa kwa nyumba hii, wageni wakikaangiwa buni.

Kabale anasikiliza mpaka mwisho, kama hajawahi kusikia.

"Ni kweli," anasema, akisogeza bakuli. "Wageni walikuwa wengi. Chukua nyingine."